Sauti Hupita, Simu Haipiti: Maisha Kati ya Sharjah na Lamu

Watu wa Lamu wanaokwenda kufanya kazi Umoja wa Falme za Kiarabu huambiwa mapema kuhusu joto, kodi za vyumba na tabia za waajiri, lakini ni wachache wanaoambiwa kwamba simu ya WhatsApp, ambayo nyumbani huipiga bila kufikiri, haitafanya kazi tangu siku watakayoshuka uwanja wa ndege. Maandishi yatakwenda, picha zitakwenda, na ujumbe wa sauti utakwenda bila tatizo lolote. Mazungumzo yenyewe, ya sauti kwa sauti au uso kwa uso, yatazuiwa na mtandao wa nchi ile, na mtu atajikuta ana simu nzuri mkononi na intaneti ya kasi kubwa, ilhali hana njia ya kumsikia mama yake akimjibu papo kwa papo. Mimi ninaishi Sharjah, ninatunza hesabu katika kampuni ya vipuri vya magari, na jamaa zangu karibu wote wako Lamu. Ninaandika haya kwa sababu naamini kwamba zuio hili limeyagusa maisha ya familia zetu kuliko tunavyokiri, na kwa sababu yapo mambo ambayo msafiri na wanaobaki nyumbani wanaweza kuyatengeneza kabla ya safari.

Nieleze kwanza jambo lenyewe lilivyo, maana mengi yasemwayo barazani hayana uhakika. Katika nchi ile, kupiga simu kwa njia ya intaneti huhesabiwa kuwa huduma ya simu kama nyingine, na haiwezi kutolewa ila na mwenye leseni ya mamlaka ya mawasiliano au na programu iliyoidhinishwa kufanya kazi katika mitandao ya kampuni mbili za huko, yaani Etisalat na du. WhatsApp ilipoongeza simu za sauti mwaka 2015, na simu za video mwishoni mwa mwaka 2016, haikuwa na kibali hicho, na simu hizo zikafungwa huku maandishi yakiachwa yapite. Skype nayo ilifungwa. Simu za iPhone zilizouzwa huko kwa miaka mingi zilikuja zikiwa zimeondolewa FaceTime kabisa. Sababu zinazotajwa ni usalama na utaratibu wa leseni. Watu wengi, nami nimo, huona pia kwamba mapato ya simu za kwenda nje ni sababu nzito, kwa kuwa nchi ambayo karibu watu tisa katika kila kumi ni wageni ni nchi ya watu wanaotaka kuzungumza na kwao kila siku.

Kinachopita na kisichopita hutofautiana kwa namna sauti inavyosafiri. Ujumbe wa sauti hurekodiwa kwanza, ukawa faili, kisha faili hilo likatumwa kama inavyotumwa picha ya arusi au cheti cha kuzaliwa. Simu ni mtiririko wa pande mbili usiokatika, na mtiririko huo una alama zake, ambazo mitambo ya kampuni za simu huweza kuzitambua na kuzikata hata kama haiwezi kusikia kinachosemwa ndani yake. Ndiyo maana mara nyingi simu hulia upande wa pili kama kawaida. Mama yangu, alipokuwa hajazoea, aliona jina langu na picha yangu zikitokea, akapokea, akaita, asisikie kitu. Kioo kikabaki kikimwambia kwamba simu inaunganishwa, kisha ikakatika. Mzazi ambaye mtoto wake yuko mbali haichukulii simu ya namna hiyo kuwa hitilafu ya mtambo. Huichukulia kuwa habari mbaya ambayo mwenye kupiga ameshindwa kuitamka, na mama alikaa na moyo wake mkononi mpaka mdogo wangu aliporudi kutoka kazini na kumfungulia ujumbe wangu wa kueleza.

Tangu hapo mawasiliano yetu yakawa ya ujumbe wa sauti, na mimi nimejifunza mengi kuhusu mama yangu kwa kumsikiliza akiusema peke yake. Nyumba yetu iko Mkomani, katika mtaa wa zamani wa mawe, na kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita haziruhusu mtandao uingie ndani vizuri. Ukikaa katika msana wa chini, yaani ukumbi mrefu wa ndani, alama za mtandao hupungua mpaka moja au hutoweka. Kwa hiyo mama hupanda darini baada ya Alasiri, akakaa chini ya makuti upande unaotazama bahari, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba na kukishikilia kwa nguvu kana kwamba kitamponyoka. Huanza kwa salamu kamili. Huniuliza hali, kisha hunyamaza kidogo, muda ule ule ambao ningehitaji kujibu kwamba ni njema alhamdulillahi, ndipo aendelee. Husema, «Yana mayi hayakuya hata usiku, mwanangu», yaani jana maji hayakuja hata usiku, kisha hunyamaza tena, kwa sababu hapo ningesema «Lahaula» au ningeuliza kama walipata ya kisimani. Ujumbe mzima una nafasi hizo, na ndani ya nafasi hizo husikika punda akilia kichochoroni, watoto wa madrasa wakitoka, na upepo ukipiga kwenye simu.

Nafasi hizo ndizo zilizonifanya nielewe kwamba tunachokosa ni kikubwa kuliko sauti. Kwetu mtu hazungumzi peke yake. Msikilizaji huitikia, husema naam, ehe, haya, kumbe, na mwitikio huo ndio unaomwonyesha msemaji pa kwenda: aongeze, apunguze, arudi nyuma, au aliache jambo hilo kwa sababu limemuumiza mwenziwe. Mzee asiyeitikiwa hufupisha. Mara nyingi mama amenitumia ujumbe ambao ninajua, kwa jinsi ninavyomjua, kwamba kulikuwa na jambo la pili ambalo angelisema kama ningemwuliza hapo hapo, naye akalimeza kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Nikimwuliza kesho yake, huwa limepoa, husema si kitu. Ndugu zangu wanaodhani kwamba ujumbe wa sauti unatosha, kwa sababu sauti ni ile ile, nawaomba walitazame jambo hili kwa makini.

Si kwamba watu wa Lamu ni wageni wa mawasiliano ya kusubiri. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni na kurudi na kusi, yakibeba boriti za mikoko ambazo zimejenga nyumba nyingi za Ghuba, na barua zilikwenda pamoja na mizigo hiyo, zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zikakaa majini majuma kadhaa. Katika utoto wangu ami yangu aliyekuwa Jidda alikuwa akituletea kaseti kwa mkono wa mahujaji na wasafiri. Tulikusanyika ndani, redio ikawekwa kwenye kidaka cha ukutani, na watu wazima wakamsikiliza mpaka mwisho bila mtu kukatiza, kisha kaseti ile ile ikageuzwa upande wa pili ili nyumba nzima imjibu, kila mtu kwa zamu yake. Kaseti zile zilikuwa na heshima yake. Lakini aliyetuma kaseti alijua kwamba majibu yatamfikia baada ya mwezi au zaidi, na mambo ya nyumba yalipangwa kwa mwendo huo. Leo jamaa wote wengine, wa Mombasa, Nairobi na Uingereza, huzungumza wakati wowote wanapotaka, na maamuzi hufanywa kwa mwendo wao. Yule mmoja aliye Sharjah ndiye anayebaki katika mwendo wa kaseti.

Niliona uzito wa jambo hilo katika shauri la nyumba ya bibi yetu mzaa baba. Bibi alifariki kabla ya baba, mirathi haikugawanywa mapema, na fungu la baba likatushukia sisi watoto wake. Akatokea mnunuzi kutoka nje ya Lamu aliyetaka kuigeuza nyumba ile kuwa nyumba ya wageni, kama zilivyogeuzwa nyingi tangu mji wa kale uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kikao kikawekwa baada ya Isha katika nyumba yenyewe. Ami mkubwa alikaa chini ya zidaka za ukutani, ami mdogo kando yake, shangazi zangu ndani wakisikiliza mlangoni, na dada yangu akaiweka simu juu ya mkeka ili na mimi niwemo. Kwa kuwa simu ya WhatsApp haikuwezekana, ikaamuliwa kwamba kila hoja itakayotajwa, dada atairekodi na kunitumia, nami nitajibu.

Kwa hoja ya kwanza utaratibu huo ulikwenda vyema. Ami aliuliza kama kuna anayepinga kuuza, dada akaituma sauti yake, nami nikajibu kwa kirefu, nikasema kwamba sipendi nyumba iuzwe yote na kwamba tutazame njia ya kuikodisha kwa miaka kadhaa, ukuta wa nyuma utengenezwe kwa kodi hiyo, na umiliki ubaki wetu. Dakika ambazo jibu langu lilikuwa likirekodiwa, likipanda na kushuka, kikao hakikusimama kunisubiri. Wakaingia kwenye bei. Sauti yangu ilipofunguliwa mkekani, kila mtu alikuwa akifikiria bei, na maneno yangu ya mwanzo, yaliyokuwa ya heshima kwa wazee na ya kuwashukuru kwa kulisimamia jambo lile, yakasikika kama ya mtu aliyeridhika. Mtu mmoja akaanza kuzungumza juu ya sauti hiyo kabla haijafika kwenye hoja. Dada akaizima ili asiwakatize wakubwa. Nami huku nikisubiri neno, sikupata neno, nikadhani wananijadili. Ami akauliza kama kuna mwenye la kusema, na kwa kuwa hakuna aliyesema, akapitisha. Kwa desturi yetu aliyehudhuria kikao akanyamaza amekubali, na mimi, kwa hesabu ya wazee, nilikuwa nimehudhuria.

Usiku ule ule, dada aliponieleza yaliyopita, nilimpigia ami simu ya kawaida ya kimataifa, ya kulipiwa kwa dakika, nikamwomba radhi kwa saa niliyompigia na kumweleza niliyokuwa nimeyasema. Alinisikiliza, akaniitikia, akaniuliza maswali mawili ambayo nilikuwa sijayafikiria kabisa, nami nikayajibu. Mwishowe akasema, «Haya, basi hatujamaliza.» Mazungumzo hayo hayakuwa marefu. Yalifanya kazi ambayo sauti zote zilizorekodiwa jioni ile hazikuweza kuifanya.

Njia halali za kuzungumza zipo, na ni vizuri msafiri azijue kabla hajaanza kutafuta za panya. Mwanzoni mwa mwaka 2018 kampuni za simu za huko zilianza kuuza kifurushi maalumu cha kupiga simu za intaneti kwa programu zilizoidhinishwa, kama vile BOTIM, kwa dirhamu 50 kwa mwezi kwa simu ya mkononi na dirhamu 100 kwa intaneti ya nyumbani. Kwa thamani ya fedha ya siku hizi, dirhamu 50 ni kama shilingi 1,750 za Kenya. Mwenye mshahara wa ofisini hulipa bila kuhisi. Mlinzi, mfagiaji au mbeba mizigo anayelala chumba kimoja na wenzake wengi, na ambaye kila dirhamu ina jina la mtu nyumbani, huona tofauti. Juu ya hayo, programu hiyo lazima iwe na upande wa pili. Kila ninayetaka kuzungumza naye Lamu lazima aiweke kwenye simu yake, na simu za wazee wetu mara nyingi ni zile zilizokwisha kutumiwa na vijana, zilizojaa picha mpaka hazina nafasi ya kitu kingine.

Kisha kuna suala la sitara, ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Mwezi wa Desemba mwaka 2019 gazeti la New York Times liliripoti kwamba ToTok, programu ya kupiga simu iliyokuwa imeenea haraka katika Falme za Kiarabu kwa kuwa simu zake hazikufungwa, ilikuwa ikitumika kwa upelelezi wa serikali. Google na Apple waliiondoa katika maduka yao ya programu, na wenye ToTok walikana. Habari hiyo ilifika Lamu kama habari zote zinavyofika, na mama yangu akaniuliza swali ambalo bado silipatii jibu la kumridhisha: picha yake akiwa nyumbani, kichwa wazi, katika chumba ambacho hakiingii mwanamume asiye maharimu wake, hupita kwa nani kabla haijanifikia? Katika nyumba zetu, daka, yaani baraza ya mlangoni, na tekani, ukumbi mdogo unaofuata, vimejengwa ili mgeni asimamishwe kabla ya kuona ndani. Mama ameamua kwamba kila akizungumza kwa video atajifunga mtandio kama anayetoka, hata kama anazungumza na mtoto wake mwenyewe, na hukaa pale ambapo nyuma yake ni ukuta tu. Ninaiheshimu hadhari yake, na inanihuzunisha kwamba imemlazimu.

Kuhusu VPN, yaani programu inayoficha anwani ya mtandao ya mtumiaji, ambayo ndiyo shauri la kwanza ambalo kila mgeni hupewa na wenzake, nasema wazi kwamba mimi siitumii kupigia simu, na simshauri mtu yeyote kutoka kwetu aitumie kwa kazi hiyo. Sheria ya nchi ile haisemi kwamba kila VPN ni haramu. Mabenki na makampuni huitumia kila siku kwa shughuli zao. Kinachokatazwa ni kuficha anwani ya mtandao kwa nia ya kutenda kosa au kuzuia lisigundulike, na sheria ya mwaka 2021 ya makosa ya mtandaoni, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeweka kwa jambo hilo kifungo na faini ya kuanzia dirhamu 500,000 mpaka 2,000,000, au mojawapo ya adhabu hizo. Najua kwamba watu wengi sana huitumia na hawajaguswa. Najua pia kwamba ukazi wetu hufungamana na mwajiri na kibali, kwamba mgeni akiingia katika kesi ya aina yoyote anaweza kurudishwa kwao, na kwamba nyuma ya kila mmoja wetu kuna nyumba inayokula kwa mshahara ule. Mtu akiamua vinginevyo hiyo ni hiari yake, lakini asiambiwe kuwa ni jambo dogo.

Njia iliyotufaa sisi zaidi ilikuja bila kutarajiwa. Mwezi wa Machi mwaka 2020, shule na ofisi zilipofungwa kwa ajili ya korona, mamlaka ya mawasiliano iliruhusu programu za masomo na kazi kama Zoom na Microsoft Teams zitumike katika mitandao yote ya nchi, na Zoom haikufungwa tena. Ruhusa hiyo ilikusudiwa madarasa na mikutano; hakuna kinachozuia mkutano wa familia. Shauri la nyumba ya bibi lilirudiwa kwa njia hiyo. Mpwa wangu, anayesoma sekondari, alikwenda kwa ami kabla ya kikao, akaiweka programu, akampigisha jaribio, na siku yenyewe akaegemeza simu kwenye msahafu uliofungwa, mpaka shangazi alipomkataza akaleta kopo la biskuti. Mkutano usiolipiwa hukatika baada ya dakika 40, na kikao cha wazee wa Lamu katika dakika 40 huwa hakijavuka sana salamu, fatiha ya marehemu na maulizo ya hali, kwa hiyo tuliingia upya zaidi ya mara moja. Lakini nilimwona ami akitikisa kichwa nilipokuwa nikisema. Nilipoona uso wa shangazi yangu umebadilika kwa neno moja la ami mdogo, nilinyamaza nikamwachia nafasi, akasema aliyokuwa nayo moyoni kuhusu chumba alichozaliwa. Kwa sauti zilizorekodiwa nisingelijua. Nyumba ilikodishwa, haikuuzwa, na masharti yaliandikwa mbele ya kadhi.

Sipendi mtu asome haya akadhani ninazilaumu nchi za Ghuba peke yake. Ndugu zetu wanaosoma Uchina wana hali ngumu kuliko yangu, kwa kuwa huko Facebook imefungwa tangu mwaka 2009 na WhatsApp tangu mwaka 2017, maandishi na sauti pamoja, na familia zao kule pwani zimelazimika kujifunza WeChat, ambayo wasimamizi wake huwajibika kwa serikali ile. Saudia, kinyume chake, ilitangaza mwezi wa Septemba mwaka 2017 kwamba inaondoa marufuku kwa programu za simu zitakazotimiza masharti yake, na hilo linaonyesha kwamba nchi jirani yenye hoja zile zile za usalama inaweza kuamua vingine. Na kwetu Kenya kwenyewe, mwezi wa Novemba mwaka 2024, Telegram ilizuiwa wakati wa mitihani ya kitaifa. Majirani zetu wa Tanzania walikatiwa intaneti siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na ikakaa siku kadhaa. Waliokuwa Dubai na Sharjah wenye wazazi Tanga na Dar es Salaam walikosa hata ule ujumbe wa sauti siku hizo.

Wapo pia ambao zuio lao halitoki kwenye mtandao wa nchi yoyote. Mashirika ya haki za binadamu yameandika mara nyingi kuhusu wanawake wa Kenya wanaofanya kazi za nyumbani Ghuba ambao waajiri huwanyang'anya simu, wakawapa kwa saa moja ya juma au wasiwape kabisa. Kwa mwanamke huyo, kubishana kuhusu programu ipi ina leseni ni anasa. Ninalitaja hapa kwa kuwa wakala wa ajira, wanapopita Langoni na Mpeketoni wakitafuta wasichana wa kupeleka, huulizwa kuhusu mshahara, tiketi na chakula, na ni nadra kusikia mzazi akiuliza: mtoto wangu atazungumza nami kwa njia gani, siku gani, na nani atalipa?

Swali hilo linapaswa kuandikwa ndani ya mkataba wa kazi, kabla ya saini, na jibu lake liwe mahsusi: simu ibaki mikononi mwa mfanyakazi, saa zake za kupumzika zitajwe, na gharama ya kifurushi cha simu za intaneti iwe sehemu ya mambo anayogharimia mwajiri pamoja na malazi. Serikali ya Kenya imetia saini mikataba ya kazi na nchi za Ghuba, na watu wetu wanaopeleka maoni kuhusu mikataba hiyo wanayo haki ya kudai kipengele hicho. Kwa upande wa familia, naomba yafanyike yafuatayo wakati msafiri yungali nyumbani: programu inayokubalika katika nchi anayokwenda iwekwe kwenye simu ya mzee anayetegemewa na ijaribiwe hapo hapo, akiwa darini au popote mtandao unapopatikana, aelezwe kwamba simu ya WhatsApp italia na haitasikika, ili asije akahangaika, na kila kikao kinachogusa haki ya aliye mbali kiwekwe kwa saa ambayo anaweza kuwepo kweli, kwa kukumbuka kwamba saa mbili za usiku za Lamu ni saa tatu za Sharjah, na kwamba wengi wetu huamka kabla ya Alfajiri kuwahi basi la kampuni. Kikao kikishindikana kwa njia hizo, mzee wa kikao asipitishe neno mpaka aliye mbali amepigiwa simu ya kawaida na kujibu kwa kinywa chake. Gharama ya simu hiyo ni ndogo kuliko ya kulifungua upya jambo lililokwisha kuandikwa.